Teminali ndani ya chroot ya kujengea vifurushi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu nimeuandika Moshi kwa ajili ya wenzangu tunaojenga vifurushi vya Debian na Ubuntu kwenye kompyuta zetu wenyewe, na kwa wale wa Arusha wanaotuma maswali yaleyale kila baada ya siku chache. Wengi huanza kwa kuandika "teminali imegoma". Nikiomba waniletee matokeo ya `ls -l /dev` kutoka ndani ya chroot, mara nyingi jibu linaonekana hapohapo.

Tukubaliane maneno machache. "Chroot" ni folda yenye mfumo mdogo wa Linux ndani yake, ambayo mchakato ukiingia unaiona kama `/`. "Mashine mama" ni mfumo unaoendesha kompyuta yako, ule wa nje ya chroot. "Kupachika" ni kazi ya amri ya `mount`, na "kupachua" ni kazi ya `umount`. Kwenye mifano yote `$R` ni folda ilipo chroot, mfano `/srv/chroot/bookworm`.

Ninaandika amri ndani ya chroot na majibu nayaona. Kwa nini basi programu zinasema hakuna teminali?

Amri ya chroot, ambayo iliingia kwenye Unix toleo la saba mwaka 1979, inafanya jambo moja: inabadilisha mahali ambapo mchakato unapaita `/`. Mafaili yaliyokwisha kufunguliwa haiyagusi. Sheli yako iliingia ndani ikiwa imeshika milango mitatu iliyofunguliwa nje, namba 0, 1 na 2, na yote inaelekea kwenye teminali ya mashine mama. Ndiyo maana unaandika na kusoma bila tatizo. Tatizo linaanza pale programu inapotaka kufungua teminali mpya, au inapouliza jina la teminali iliyopo. Hapo inatafuta `/dev/ptmx` (mlango wa kuombea teminali mpya) na `/dev/pts` (folda zinamoonekana teminali zilizofunguliwa), tena inazitafuta ndani ya chroot, ambako huenda hamna kitu.

Waliokulia Kibosho au Machame wataelewa kwa mfano wa mfereji. Mfereji mkuu ukipita juu ya kihamba chako, unaweza kuchota ndoo moja ukaingia nayo nyumbani. Migomba haitapata maji mpaka ufungue mchepuko wa kuingia shambani. Kupachika devpts, yaani mfumo wa mafaili unaoleta teminali hizo kwenye `/dev/pts`, ndani ya chroot ndiko kufungua mchepuko.

Na wanaohitaji hayo maji ni wengi kuliko unavyodhani. Wapo apt, tmux, script, expect, na majaribio ya programu nyingi za Python. Hata sudo yumo, kwani tangu toleo 1.9.14 hufungua teminali bandia kwa kila amri bila kuambiwa.

apt inaandika "Can not write log (Is /dev/pts mounted?) - posix_openpt (2: No such file or directory)". Nifanye nini?

Kwanza usiogope, vifurushi vyako vinaendelea kusakinishwa. Kinachokosekana ni kumbukumbu ya yaliyoonekana kwenye skrini, ile inayoandikwa `/var/log/apt/term.log`. Lakini usiuache ujumbe huu ukazoeleka, kwa sababu hitilafu hiyohiyo ndiyo itakayoangusha majaribio yako saa mbili baadaye.

Ukiwa nje ya chroot, kama root:

```
mkdir -p $R/dev/pts
mount -t devpts devpts $R/dev/pts -o newinstance,ptmxmode=0666,gid=5,mode=620
ln -sf pts/ptmx $R/dev/ptmx
```

Machaguo haya manne msiyanakili kama dua, kila moja lina kazi. `gid=5` ni kundi la tty, na `mode=620` inamruhusu mwenye teminali kusoma na kuandika huku kundi la tty likiruhusiwa kuandika tu. Hakikisha namba ya kundi kwa `getent group tty` ndani ya chroot yenyewe. `ptmxmode=0666` inafungua mlango wa `pts/ptmx` kwa kila mtumiaji. Usipoitaja, kerneli inaupa ruhusa 0000, yaani umefungwa. `newinstance` inaomba devpts ya peke yake, isiyochangia namba na mashine mama. Tangu kerneli 4.7 ya mwaka 2016 kila devpts inayopachikwa inajitegemea hata usipoomba, kwa hiyo neno hilo halibadilishi kitu. Mimi bado naliandika, maana skripti zangu zinafika pia kwenye mashine za zamani.

Nikiwa root teminali inafunguka. Mtumiaji wa kujenga akijaribu anapata "Permission denied". Tofauti iko wapi?

Swali hili lilitumwa na dada mmoja wa Njiro, na nalipenda kwa sababu aliambatanisha mstari uliotoa jibu lote. Ndani ya chroot yake `/dev/ptmx` ilikuwa kiungo kinachoelekea `pts/ptmx`. Devpts yenyewe hakuipachika upya, aliazima ya mashine mama kwa `--bind`. Kisha tukasoma:

```
$ findmnt -no OPTIONS /dev/pts
rw,nosuid,noexec,relatime,gid=5,mode=620,ptmxmode=000
```

Tazameni mwisho wa mstari. `ptmxmode=000` ni hali ya kawaida kwenye mashine nyingi, kwa sababu mashine mama haitumii `pts/ptmx`. Inatumia nodi halisi (faili maalumu linalowakilisha kifaa) ya `/dev/ptmx` yenye namba 5, 2. Mfumo mama hauna shida. Chroot yenye kiungo ndiyo inayogonga mlango uliofungwa. Root hazuiwi na ruhusa za faili, kwa hiyo anapita na kukuaminisha kwamba kila kitu ni sawa.

Tiba ni mbili. Ama pachika devpts mpya kama nilivyoonyesha juu, ama ondoa kiungo na uweke nodi:

```
rm $R/dev/ptmx
mknod -m 666 $R/dev/ptmx c 5 2
```

Kuna mtego mmoja hapa kwa wenye kerneli za chini ya 4.7. Nodi 5, 2 kwenye kerneli hizo hufungua teminali kwenye devpts ya mashine mama, hata kama chroot ina devpts yake mpya. Programu inaambiwa "teminali yako ni namba 7", inakwenda kutafuta `/dev/pts/7` ndani, haipo. Kuanzia 4.7 kerneli hutazama folda ya `pts` iliyo jirani na ptmx iliyofunguliwa, na fumbo hilo likaisha. Kwa kifupi: devpts mpya ioane na kiungo popote pale, na devpts ya kuazima ioane na nodi.

Baada ya kupachika devpts kwenye chroot, teminali za mashine mama zenyewe zimeanza kukataa: "grantpt failed: Operation not permitted". Nimeharibu nini?

Andika `uname -r`. Ukiona 3.10 au 4.4, jibu ni hilo. Seva nyingi zinazotufikia zimeshatumika miaka mingi, na CentOS 7 yenye kerneli 3.10 bado iko kazini ingawa matunzo yake yalikoma tarehe 30 Juni 2024. Kwenye kerneli hizo, ukipachika devpts bila `newinstance` hupati mpya. Unapata ileile ya mashine mama, na machaguo yako yanaandikwa juu ya yake. Ukiisahau `gid=5`, teminali zote zitakazofunguliwa baadaye, hata za wenzako waliounganishwa kwa ssh, zitazaliwa na kundi lisilo sahihi. Maktaba ya glibc inajaribu kurekebisha kundi, haina ruhusa, inakata tamaa. Zamani ilikuwa na msaidizi wa kazi hiyo aitwaye pt_chown, lakini alionekana kuwa tundu la usalama na tangu glibc 2.18 ya mwaka 2013 hajengwi isipokuwa ukimwomba.

Kurekebisha bila kuzima mashine:

```
mount -o remount,gid=5,mode=620 /dev/pts
```

Nisome vipi ujumbe wa kosa? Yote yanafanana.

Hayafanani, na ukishajifunza kuyatofautisha utaokoa nusu ya muda wako.

"No such file or directory" maana yake njia haipo: hakuna ptmx, au hakuna pts. "Permission denied" maana yake njia ipo lakini ruhusa hairuhusu, au sehemu ya diski imepachikwa kwa `nodev`. "Operation not permitted" hutokea unapoomba kazi ya root bila kuwa root kamili, kama kuunda nodi ndani ya kontena. "Inappropriate ioctl for device" ina maana faili limefunguka, ila si teminali, pengine ni bomba au faili la kawaida.

Inayowachanganya watu zaidi ni "No such device or address" kwenye `/dev/tty`. Nodi ipo, ruhusa ipo, na bado inakataa. `/dev/tty` haina umbo lake. Ni jina la "teminali inayonimiliki mimi", na mchakato ulioanzishwa na cron au na huduma ya nyuma haumilikiwi na teminali yoyote. Kuunda nodi upya mara kumi hakutasaidia.

`tty` inasema "ttyname error: No such device" ingawa nimekaa kwenye kibodi. gpg nayo inagoma.

Hii inatokea unapofanya sawasawa, yaani chroot ikiwa na devpts yake. Mlango namba 0 wa sheli yako unaelekea `/dev/pts/3` ya mashine mama. Ndani ya chroot, `/dev/pts` ni nyingine, na kama kuna namba 3 humo basi ni teminali ya mtu mwingine. glibc inalitambua hilo na kukataa kutaja jina, na ina haki. Fungua teminali mpya ukiwa ndani:

```
script -qc bash /dev/null
```

Sasa `tty` itajibu `/dev/pts/0`, na screen na tmux zitakubali.

Kuhusu gpg nina msimamo. Usitie saini ndani ya chroot. Ukishaanza kuhangaika na `GPG_TTY` na dirisha la nywila humo ndani, maana yake umeingiza ufunguo wako wa siri mahali ambapo skripti za watu wengine zinaendeshwa kama root. Jenga ndani, toka, tia saini nje kwa debsign.

Majaribio yanaanguka: "The system has no more ptys. Ask your system administrator to create more." Je, zimeisha kweli?

Karibu kamwe. expect hutoa ujumbe huo kila inaposhindwa kufungua teminali, iwe zimeisha au hazijawahi kuwepo. Python nayo husema "out of pty devices" kwa mtindo uleule. Pima hivi ndani ya chroot, ukiwa mtumiaji yuleyule anayejenga, wala si root:

```
python3 -c 'from pty import spawn; spawn(["echo", "ok"])'
```

Ikijibu `ok`, teminali zipo na kosa ni la jaribio. Isipojibu, rudi kwenye maswali ya juu. Kama kweli una mashaka kwamba zimeisha, soma `/proc/sys/kernel/pty/nr` uone zilizotumika na `/proc/sys/kernel/pty/max` uone kikomo. Kikomo cha kawaida ni 4096, na mimi sijawahi kuona ujenzi wa kifurushi kimoja ukifika huko.

Fanya jaribio hili kabla ya kujenga kitu kikubwa. Wanaojenga gcc au binutils na kuendesha majaribio yake wanajua maumivu ya kugundua asubuhi kwamba usiku mzima ulikwenda bure kwa kukosa mstari mmoja wa mount.

Nikijenga kwa mkono majaribio yanapita. sbuild (zana ya kujenga vifurushi ndani ya chroot) ikijenga usiku kwa cron yanaanguka. Chroot ni ileile!

Chroot ni ileile, teminali si ileile. Ukijenga kwa mkono, programu inauliza "je, ninaongea na teminali?" na inajibiwa ndiyo. Kwa cron inajibiwa hapana, kisha inaacha rangi, inabadilisha upana wa mistari, au inakataa kuuliza swali.

Unaweza kuidanganya:

```
script -qec "make check" /dev/null
```

Herufi `e` ni muhimu. Bila hiyo script hurudisha ushindi hata majaribio yakianguka, nawe utasambaza kifurushi kibovu ukidhani ni kizima.

Lakini mimi naona hiyo ni plasta. Sera ya Debian inadai hatua za lazima za kujenga ziende bila kumuuliza mtu chochote. Kama jaribio linahitaji teminali, lifungue lenyewe, au lijiruke kwa heshima lisipoipata. Rekebisha jaribio, mpelekee mwandishi wa programu marekebisho yako, na watu wengine hawatalala macho kama wewe. Kwa maswali ya usakinishaji, weka `DEBIAN_FRONTEND=noninteractive` kwenye mazingira ya ujenzi, na lalamiko la debconf kuhusu kukosa Dialog litatoweka.

"Error opening terminal" au "unknown terminal type": hii nayo ni devpts?

Hapana. Ni jina la teminali kwenye `TERM`, ambalo chroot ndogo haina maelezo yake. Haraka: `export TERM=xterm`, au `TERM=linux`. Kwa kudumu sakinisha `ncurses-term` ndani, au sukuma maelezo kutoka nje:

```
infocmp -x | chroot $R tic -x -
```

Mistari inapandana, nano inachora nusu ya skrini.

`stty size`. Ikijibu `0 0`, mpe vipimo: `stty rows 40 cols 120`. Skrini ikivurugika kabisa, `stty sane`, hata kama huoni unachoandika.

Faili la `/dev/null` ndani ya chroot yangu lina megabaiti 300. Inawezekanaje?

Inawezekana, na ni kosa ninalolitafuta kwanza kwenye chroot yoyote iliyonakiliwa kwa tar au rsync na mtu asiye root. Nodi za vifaa hazikunakiliwa. Kisha skripti ya kwanza ikaandika `> /dev/null`, na kwa kuwa root alikuwa na ruhusa na jina halikuwepo, likaundwa faili la kawaida. Tangu siku hiyo kila takataka inarundikwa humo, na programu inayosoma `/dev/null` ikitarajia utupu inapokea takataka za jana. Linganisha:

```
crw-rw-rw- 1 root root 1, 3 ... /dev/null      (sahihi)
-rw-r--r-- 1 root root 314572800 ... /dev/null (si nodi)
```

Herufi ya kwanza ndiyo ushahidi: `c` ni kifaa, kistari ni faili. Na huyo mtumiaji wa kujenga, kwa ruhusa zile za pili, ataambiwa "/dev/null: Permission denied", ujumbe unaomshangaza kila anayeuona mara ya kwanza. Futa, kisha unda seti nzima:

```
cd $R/dev
rm -f null
mknod -m 666 null    c 1 3
mknod -m 666 zero    c 1 5
mknod -m 666 full    c 1 7
mknod -m 666 random  c 1 8
mknod -m 666 urandom c 1 9
mknod -m 666 tty     c 5 0
```

debootstrap, zana ya kutengeneza chroot mpya, huunda hizi yenyewe. Unazihitaji kwa mkono pale tu chroot ilipotoka kwingine.

Laptopu yangu ina diski ndogo, kwa hiyo chroot iko kwenye diski ya nje. Nodi zipo, namba ni sahihi, bado "Permission denied".

Diski za nje zinazojipachika zenyewe ukizichomeka hupachikwa kwa `nodev`, yaani nodi zinaonekana lakini kerneli inakataa kuzifungua. debootstrap hukuonya mapema: "Cannot install into target ... mounted with noexec or nodev". Aliyenakili chroot iliyokwisha tengenezwa haonywi na mtu.

```
mount -o remount,dev,suid,exec /media/...
```

Afadhali zaidi, ipachike mwenyewe mahali pa kudumu kama `/srv`. Na diski iwe ext4. Flashi yenye exFAT haiwezi kuhifadhi nodi wala wamiliki wa mafaili, hata ubembeleze vipi.

Kwa nini nisichukue `/dev` yote ya mashine mama kwa bind nikamaliza kazi?

Inafanya kazi, na vitabu vya kujenga Linux kutoka mwanzo huelekeza hivyo. Lakini nimeshuhudia bei yake, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Jumamosi moja hapa Moshi kijana tunayejenga naye alimaliza kazi mapema. Chroot ilikuwa imeshaharibika kwa majaribio mengi, akaamua kuifuta aanze upya. Aliandika `rm -rf` na jina la folda, akabonyeza. Sekunde chache baadaye mwenzake wa chumba cha pili akauliza kwa nini ssh inamjibu "PTY allocation request failed on channel 0". Dirisha jipya la teminali likakataa kufunguka. `/dev` ya mashine mama ilikuwa bado imepachikwa ndani ya ile chroot, na rm ilitembea humo ikifuta nodi moja baada ya nyingine: null, ptmx, zero.

Kijana alipauka. Nikamwonyesha kwamba diski zake zilikuwa salama. Kufuta nodi ni kufuta jina la kifaa, data iliyomo haiguswi, na `/dev` inaishi kwenye kumbukumbu ya RAM, hivyo ukiwasha upya inarudi kamili. Kwa kuwa sheli aliyokuwa nayo bado ilikuwa hai, tuliunda null na ptmx kwa mknod, tukafunga kazi za watu, tukazima na kuwasha.

Angekuwa na bahati mbaya kama angetumia schroot, zana ya kusimamia chroot, kwa wasifu wa `default`, maana huo hupachika pia `/home`. Nodi zinarudi. Picha za familia hazirudi.

Hatari ya pili ni ya kimyakimya. Ukitumia `--rbind` (bind inayobeba pia vilivyopachikwa ndani yake), na mashine yako ina systemd, upachikaji ni wa kushirikiana: ukipachua kwa `umount -R $R/dev`, kupachua huko kunavuja hadi nje na mashine mama inapoteza `/dev/pts` yake. Mfereji umeuziba juu badala ya kuuziba kwako. Kama ni lazima utumie rbind, mistari iwe miwili daima:

```
mount --rbind /dev $R/dev
mount --make-rslave $R/dev
```

Kwa kujenga vifurushi huhitaji `/dev` yote. Nodi sita na devpts yake zinatosha, na ukitaka kuongeza, `/dev/shm`. Hata wasifu wa schroot wa sbuild haupachiki `/dev` nzima, huchukua `/dev/pts` peke yake.

Na kabla ya kufuta chroot yoyote:

```
findmnt -rno TARGET | grep "^$R/"
```

Ikirudisha hata mstari mmoja, usifute. Pachua kwanza. Kisha futa kwa `rm -rf --one-file-system $R`, ili kama macho yako yamechoka, rm isivuke mpaka.

Umeme ulikatika katikati ya ujenzi. Baada ya kuwasha, schroot inasema nini hiki kuhusu vikao?

Upachikaji uliofanya kwa mkono umepotea wote, hilo ni la kawaida, urudie. Kwa schroot, vikao vya zamani bado vimeandikwa kwenye daftari lake ingawa hakuna kilichopachikwa. Vione kwa `schroot -l --all-sessions`. Ukihitaji kuokoa kazi iliyomo, tumia `--recover-session` na jina la kikao. Kama huhitaji, `schroot -e --all-sessions`. Usivifute kwa kuingia kwenye folda zake na rm, kwa sababu nilizokwisha eleza.

Sina root kwenye mashine ya chuo. Naweza kujenga?

Unaweza. mknod itakukatalia kwa "Operation not permitted", hata ndani ya nafasi (user namespace) ambayo wewe unaonekana ni root, kwa sababu kerneli hairuhusu nodi za vifaa kuundwa humo. Kinachoruhusiwa ni kuazima nodi moja moja za nje kwa bind, na kupachika devpts mpya. Kazi hiyo zipo zana zinazoifanya vizuri: `bwrap --dev /dev` inakutengenezea null, zero, tty, pts na kiungo cha ptmx kwa mkupuo, na mmdebstrap ina `--mode=unshare`. sbuild pia ina hali ya unshare.

Ukipachika devpts mwenyewe humo ukapata "Invalid argument", kosa ni `gid=5`. Kundi namba 5 halijapangiwa nafasi kwenye orodha ya namba zako, na kerneli haiwezi kumpa teminali mmiliki isiyemfahamu. Ama liondoe chaguo hilo, ama omba msimamizi akuongezee namba kwenye `/etc/subgid`, kisha uanze nafasi yako ukiwa umepangiwa makundi zaidi ya moja.

Nikiuliza swali, nilete nini?

Leta `uname -r`, jina la zana unayojengea, na matokeo ya hizi tatu kutoka ndani ya chroot, kwa mtumiaji aliyekwama:

```
ls -l /dev /dev/pts
grep -E ' /dev' /proc/self/mounts
id
```

Bandika maandishi, si picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Na ujumbe wa kosa uje mzima, kwa Kiingereza chake kama ulivyotoka. Ukiufupisha kuwa "imegoma", mimi wa Moshi nabaki kukuuliza tena wewe wa Arusha, na siku inapita.